Mnyama Akishapona, Aende Wapi?

Waya wa breki ya pikipiki ukipindwa kuwa kitanzi na kufungwa kwenye shina la mgunga, haumchagui wa kumnasa. Aliyeutega kando ya mapito ya wanyama katika nyika ya Tsavo alikuwa akimtaka digidigi au swala wa kitoweo, lakini anayenaswa huenda akawa pundamilia kwa shingo, twiga kwa mguu, au ndama wa tembo aliyekuwa akipapasa majani kwa mkonga wake bila kujua kilichojificha humo. Kadiri anavyovuta ndivyo waya unavyozama, na akifaulu kuung'oa huondoka nao mwilini, ukiendelea kukata ngozi, kisha nyama, kisha kano, kwa wiki nyingi kabla mtu hajamwona akichechemea nyuma ya wenzake.

Wapo wanaouliza, na si wajinga, kwa nini mnyama wa aina hiyo aokolewe. Wanasema kwamba pori lina sheria zake: simba humla pundamilia, ukame huwafyeka dhaifu, na mizoga huwashibisha tumbusi na fisi, ambao nao ni viumbe wenye haki ya kula. Hoja hii ina uzito, na mtu anayefanya kazi ya kuokoa wanyama pasipo kuitafakari hatimaye ataokota kila kitu kinacholia. Hata hivyo, haimgusi mnyama wa kitanzi. Waya haukuota porini. Aliyeumizwa na mkono wa mtu hajahukumiwa na maumbile, na kumwacha aoze akiwa hai kwa kisingizio cha kuheshimu pori ni kulisingizia pori kosa letu.

Ugumu halisi uko kwenye ukame. Mwaka 2022, katika miezi ya Februari hadi Oktoba, serikali ya Kenya ilihesabu tembo 205 waliokufa kutokana na ukame, pamoja na nyumbu 512 na pundamilia wa kawaida 381. Je, tembo anayezirai kwa njaa kando ya dimbwi lililokauka ameuawa na maumbile au ameuawa na sisi, tuliozungushia ua njia zake za kale za kufuata mvua? Tsavo ina kumbukumbu ya swali hili. Katika miaka ya 1960 tembo walikuwa wamezidi kiasi cha kuigeuza misitu ya vichaka kuwa mbuga ya nyasi, na mtafiti Richard Laws alipendekeza wengi wapigwe risasi. David Sheldrick, msimamizi wa Tsavo Mashariki, alipinga. Ukame wa 1970 na 1971 ukaja na kuua maelfu, wengi wao wakiwa majike na ndama, na mimea ikaanza kurudi. Kwa kifo cha kiangazi, basi, mwokoaji anapaswa kuwa mgumu wa moyo kuliko anavyopenda. Akitibu, atibu kwa uchache, akijua kwamba tembo aliyenusurishwa leo atahitaji majani na maji kesho kutwa. Kwa kitanzi, mshale wenye sumu na risasi, sioni sababu ya kusitasita.

Lakini kuokoa ni neno pana mno, na linaficha kazi mbili zisizofanana hata kidogo.

Ya kwanza hufanyika palepale mnyama alipoumia. Daktari wa wanyamapori humpiga tembo mshale wa dawa ya usingizi, mara nyingi kutoka kwenye gari au helikopta, na kuanzia hapo kila dakika ina thamani. Akianguka kwa kifua, lazima asukumwe au avutwe kwa kamba alale ubavu, kwa kuwa uzito wake mwenyewe huyabana mapafu yakashindwa kupanuka. Sikio hufunikwa juu ya jicho ili jua na vumbi visiliumize, kijiti huwekwa kwenye ncha ya mkonga ili njia ya hewa isizibe, na mtu mmoja hana kazi nyingine ila kumwagia maji masikio, kwa kuwa ni kupitia hayo tembo hupoza mwili wake. Waya hukatwa kwa koleo, nyama iliyooza huondolewa, kidonda huoshwa na kujazwa udongo wa kijani wenye kukausha usaha. Kisha hudungwa sindano ya kumzindua kwenye mshipa wa sikio, watu hukimbilia magari yao, na baada ya dakika chache mgonjwa husimama, akatikisa kichwa na kuondoka.

Huo ndio uokoaji bora kuliko wote, na ndio usiopigwa picha sana. Mnyama hakuhama kwao. Hakupewa jina, hakuzoea harufu ya mtu, hakutenganishwa na jamaa zake zaidi ya saa moja. Kikosi cha kwanza cha matibabu ya kuhamahama cha Tsavo kilianza 2003 kwa ushirikiano wa KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori nchini Kenya, na mfuko uliopewa jina la huyohuyo David Sheldrick baada ya kifo chake mwaka 1977. Pamoja na madaktari hao kuna vikosi vya watu wanaotembea kwa miguu vichakani wakizing'oa nyaya kabla hazijanasa chochote. Mtu anayerudi jioni na rundo la nyaya zenye kutu mgongoni ameokoa wanyama asiowajua, na hakuna atakayemtumia salamu za shukrani.

Kazi ya pili huanza pale mnyama anapolazimika kuondolewa porini kwa sababu hawezi kuishi huko peke yake, na mfano wake unaojulikana zaidi Afrika Mashariki ni ndama wa tembo. Ndama wa chini ya miaka miwili bila maziwa hufa. Maziwa ya ng'ombe humharisha mpaka akaisha, kwa kuwa tumbo lake halikubaliani na mafuta yake. Daphne Sheldrick, mjane wa David, alihangaika miaka mingi akijaribu mchanganyiko huu na ule, akazika ndama mmoja baada ya mwingine, mpaka alipogundua kwamba mafuta yanayokaribia zaidi yale ya maziwa ya mama tembo ni mafuta ya nazi. Msomaji wa pwani ataruhusiwa kutabasamu hapo.

Maziwa pekee hayakutosha. Mwaka 1974 alikuwa akimlea ndama aliyeitwa Aisha, aliyekuwa akiendelea vizuri, kisha akasafiri kwa siku chache kwenda kwenye harusi ya binti yake. Ndama, ambaye dunia yake yote ilikuwa mtu mmoja, aliacha kula akafa. Kutokana na msiba huo ulizaliwa utaratibu unaofuatwa hadi leo katika kituo cha yatima kilichomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi: walezi ni wengi na hupokezana, huwanywesha ndama kila baada ya saa tatu usiku na mchana, hulala nao vibandani, lakini kila usiku mlezi hubadilisha kibanda ili asiwepo ndama wa mtu mmoja. Blanketi hutundikwa mahali ambapo ndama anaweza kuegemeza mkonga anaponyonya chupa, kama ambavyo angeuegemeza kwenye ubavu wa mama yake. Wageni wanaotaka kuwaona hupewa muda mfupi tu mchana. Kuna wanaolalamikia ufupi wa muda huo. Mimi naona hata huo ni mwingi.

Kwani lengo la malezi haya ni kujifuta. Mlezi hodari ni yule ambaye ndama, baada ya miaka kumi, hana haja naye. Wakifikisha takriban miaka mitatu, yatima huhamishiwa Tsavo, kwenye mazizi ya Voi au ya Ithumba upande wa kaskazini, au msitu wa Kibwezi kwa wale ambao miguu yao haikupona sawasawa. Hapo hakuna siku ya kufungua lango na kupiga makofi. Kila asubuhi huenda malishoni na walezi, hukutana na tembo wa porini kwenye maji, hukaripiwa, hufundishwa adabu na majike wakubwa. Mmoja hulala nje usiku mmoja, akarudi alfajiri ana njaa ya chupa. Baada ya miezi hulala nje wiki nzima. Wengine huondoka na kundi wakaonekana tena baada ya mwaka. Uamuzi ni wa tembo mwenyewe, na hauna tarehe.

Mwaka 2011 jike aitwaye Mulika, aliyelelewa hivyo, alionekana Ithumba akiwa na ndama wake aliyezaliwa porini. Walezi walimwita Mwende, jina ambalo kwa Kikamba ni mpendwa. Tangu wakati huo wamezaliwa makumi ya wengine kwa mama waliowahi kunyonyeshwa kwa chupa. Ndama hao ndio ninaowahesabu. Yatima walioinuliwa na mfuko huo wamepita 300, na ni kazi kubwa, lakini idadi ya waliopokelewa hainiambii mengi. Hospitali haisifiwi kwa wingi wa wagonjwa waliolazwa. Anayenifundisha kitu ni yule jike aliyepata mume porini, akabeba mimba ya miezi 22, akazaa katikati ya wenzake na kumlinda mtoto wake dhidi ya simba bila msaada wa mtu yeyote.

Tuseme wazi pia kile ambacho hesabu inasema. Sensa ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2021 ilihesabu tembo 36,280. Wakati wa ujangili mkubwa, tembo wa Tsavo na maeneo yanayoizunguka walipungua kutoka kama 35,000 mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi takriban 6,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Yatima 300 kwa miongo minne hawawezi kuziba pengo la namna hiyo. Kilichowarudisha tembo ni askari wa hifadhi, marufuku ya biashara ya meno ya tembo iliyopitishwa 1989, na moto ambao Rais Daniel arap Moi aliuwasha Julai mwaka huo kuteketeza tani 12 za meno hayo. Mtu anayedai kwamba chupa ya maziwa inaokoa jamii nzima ya tembo anauza kitu ambacho hana. Kituo cha yatima kinastahili fedha zake iwapo fedha hizohizo zinawafikia pia wang'oa nyaya na madaktari wa vichakani. Kikiishia kwenye vibanda na wageni, kimekuwa bustani ya wanyama yenye hadithi za kusikitisha.

Mipaka ya kazi hii huonekana vizuri zaidi tukimwacha tembo na kumtazama sokwe. Kituo cha Lwiro katika Kivu Kusini, kilichoanzishwa 2002, hupokea sokwe na nyani yatima ambao mama zao waliuawa kwa ajili ya nyama. Kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda, kimewapa hifadhi wengine tangu 1998. Kenya, ambayo haina sokwe wa asili hata mmoja, ilipokea yatima kutoka Burundi mwaka 1993 na kuwaweka Ol Pejeta, Laikipia, vita vilipowafanya wasiweze kubaki Bujumbura. Walezi wa vituo hivi ni watu ninaowaheshimu sana, na wengi wao Kongo wamefanya kazi huku bunduki zikilia karibu. Lakini sokwe wao karibu wote hawataachiwa kamwe. Msitu unaofaa huwa tayari una sokwe, nao huwaua wageni. Aliyeishi na watu anaweza kupeleka huko mafua yetu, ambayo kwa sokwe ni ugonjwa wa kuua. Amesahau kumwogopa mtu, na mwindaji aliyemuua mama yake bado yupo. Na kwa kuwa sokwe anayetunzwa anaweza kufikisha miaka 50, anayempokea mtoto mmoja leo ameahidi chakula, ua na mishahara kwa nusu karne, katika nchi ambazo bajeti ya miaka mitano ni ndoto.

Sisemi wafukuzwe langoni. Nasema kwamba hapa neno urekebishaji halifai tena, na ni afadhali tuite jambo kwa jina lake: makao ya wasio na pa kwenda. Thamani yake kubwa ni ya kisheria, kwa maana afisa wa forodha au askari hawezi kumnyang'anya mlanguzi mtoto wa sokwe ikiwa hana mahali pa kumpeleka.

Wanyama wala nyama wana shida yao nyingine. George na Joy Adamson walimlea simba Elsa na kumrudisha porini huko Meru, na dunia nzima ikafurahi. Kinachosimuliwa kwa nadra ni yaliyofuata: Elsa alikufa mapema mwaka 1961, watoto wake wakaanza kuvamia mifugo ya wanavijiji, ikabidi wakamatwe na kuhamishiwa Serengeti. Miaka kumi baadaye huko Kora, mmoja wa simba ambao George alikuwa akiwazoesha pori alimuua mfanyakazi wa kambi. Hofu ya simba kwa mtu ni ua linalowalinda wote wawili, na anayemlea kwa mkono hulibomoa. Ukishalibomoa, hatari hailipwi na wewe peke yako. Hulipwa na mchungaji wa mbuzi ambaye hakuulizwa.

Na kuna suala la mahali penyewe. Julai 2018 vifaru weusi 11 walihamishwa kutoka Nairobi na Nakuru kwenda Tsavo Mashariki, wote wakiwa wazima, wakiangaliwa na wataalamu. Maji ya huko yalikuwa na chumvi nyingi kuliko waliyoyazoea. Walikunywa, kiu ikazidi, wakanywa zaidi. Kumi wakafa, na wa kumi na moja, akiwa amedhoofika, akashambuliwa na simba naye akafa. Hawakuwa majeruhi, wala kazi ile haikuwa ya uokoaji, lakini kila anayepanga kumwachia mnyama aliyepona angepaswa kuisoma habari hiyo kwanza. Vidonda vinaweza kufungwa kwa ustadi wote, na kisima kibaya kikamaliza kila kitu.

Jirani wa pori naye ana la kusema katika habari hii, na kwa kawaida haulizwi. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inatamka kwamba familia ya aliyeuawa na mnyama wa aina zilizotajwa italipwa shilingi milioni tano. Fidia hiyo imekuwa ikichelewa kwa miaka. Mkulima wa Taita au Makueni ambaye shamba lake la mahindi limelazwa chini usiku mmoja anapoona ndama wa tembo akisafirishwa kwa ndege kwenda Nairobi, akifunikwa blanketi, huku madai yake yakikaa kwenye faili, haihitaji elimu kubwa kujua atakachowaza. Na huyohuyo ndiye mwenye pikipiki, ndiye mwenye waya wa breki. Tunaweza kumhubiria tukipenda. Lakini tembo atakayeachiwa Ithumba mwaka ujao atapita karibu na shamba lake, na maisha ya tembo huyo yatategemea hali ya moyo wa mkulima kuliko ubora wa maziwa aliyonyweshwa.

Kwa sababu hiyo mfano ninaouona umekomaa kuliko yote hauko kwa tembo. Uko Watamu, kwenye fukwe zilizo kati ya Malindi na Kilifi, ambako shirika la Local Ocean Conservation limekuwa likiwahudumia kasa tangu 1997. Huko anayeokoa ni mvuvi. Kasa akinasa kwenye jarife au ndani ya uzio wa kutegea samaki, mvuvi hampasui kwa ajili ya nyama na mafuta, ambayo pwani yetu imeyahesabu kuwa dawa tangu zamani, bali hupiga simu. Watumishi huja, humpima, humwekea kibati chenye namba kwenye kikono, na akiwa mzima hurudishwa baharini siku hiyohiyo. Mvuvi hupewa fedha kidogo za muda wake na nyavu zake zilizochanika. Kiasi hicho hakifikii bei ya nyama sokoni, na pengine ndiyo maana makubaliano hayo yamedumu: hayamlipi mtu kwenda kutafuta kasa, yanamwondolea hasara tu aliyemkuta.

Wagonjwa hupelekwa kwenye madimbwi ya kituo. Wengi huwa wanaelea, hawawezi kuzama, kwa kuwa wamemeza plastiki, utumbo umeziba na hewa imejaa tumboni. Kasa asiyeweza kuzama hafikii nyasi za bahari na huchomwa na jua mgongoni mpaka gamba likapasuka. Matibabu ni ya subira: dawa ya kulainisha tumbo, vyakula laini, kungoja. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, ambayo kwa maoni yangu ilikuwa tiba kubwa zaidi ya kasa kuliko dimbwi lolote, ingawa bahari huleta takataka za nchi nyingine bila kuomba viza.

Kasa anayezama mwenyewe na kukaa chini bila kupaa huonekana amepona, na huachiwa. Baada ya hapo hana mlezi wa kumfuata wala zizi la kurudia. Kinachobaki ni namba ile kwenye kikono. Mara nyingine baada ya miezi, mara nyingine baada ya miaka, mvuvi mwingine huvuta nyavu zake alfajiri, hukuta kasa, hufuta mwani kwenye kibati na kuisoma namba kwenye simu. Kasa huyo ameshaingia nyavuni mara ya pili, na ameshanona. Mvuvi humshikilia ukingoni mwa ngalawa mpaka waje, na samaki wake wa siku hiyo wanangoja juani.